Matundu matatu katika ukuta mmoja: shajara ya banio la chemchemi, tambarare ya Moshi

Kabla ya kazi

Hii ni shajara ya kujenga upya banio, yaani ukuta unaozuia maji ya chemchemi na kuyagawa kati ya mji na kinamasi. Chemchemi iko tambarare, kusini mwa mji wa Moshi, upande wa Rau. Maji yake ni mvua ya msitu wa Kilimanjaro iliyozama kwenye miamba ya volkano na kuibuka huku chini. Chini yake kuna kinamasi cha hekta 40 cha matete na mafunjo, ambacho siku hizi hukauka kila Januari hadi udongo kupasuka. Maji ya mji husukumwa kwa pampu kupanda mita 130 hivi hadi kwenye tenki. Kibali cha kuchukua maji kina namba moja tu: lita 48 kwa sekunde, mwaka mzima.

Tatizo ni hiyo namba moja. Masika, chemchemi pamoja na korongo linaloingia pembeni hutoa zaidi ya lita 100, na lita 48 hazimuumizi mtu. Mwishoni mwa Februari chemchemi ikishuka hadi lita 49, lita 48 ndiyo chemchemi nzima. Kinamasi kinabakiwa na lita moja, na hakuna aliyekiuka sharti lolote la kibali.

Wanaotetea pampu hutaja Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, ambayo inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mazingira, kisha uzalishaji. Ni kweli. Lakini si kila kinachopita kwenye bomba la mji ni matumizi ya nyumbani: humo mna sehemu za kuoshea magari, bustani za hoteli, viwanda vya matofali, na maji yanayovuja njiani bila kumfikia yeyote. Sera ya Maji ya 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini cha vijijini. Kwa kipimo hicho lita 22 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 1,900 kwa siku, zinatosha watu 76,000. Watu wa mjini hutumia zaidi ya hapo, hilo halina ubishi; hesabu inaonyesha tu kwamba kati ya mahitaji ya lazima na lita 48 kuna nafasi ya kuzungumza.

Uamuzi wa mradi: mgawanyo ufanywe na ukuta wenyewe, usitegemee mlinzi mwenye ufunguo. Lango la kufungua na kufunga lina mwenyewe, na mwenyewe ana simu. Kiangazi kikikolea simu hiyo hailali.

Wiki ya 1 na ya 2 (Agosti)

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua kinamasi kinataka nini. Maji yanayopotea kwa jua na majani tuliyakadiria kuwa milimita 5 kwa siku. Milimita 5 juu ya hekta moja ni mita za ujazo 50, sawa na lita 0.58 kwa sekunde. Hekta 40 zinadai lita 23. Chini ya hapo kinamasi kinakula akiba yake ya ardhini, na juu ya hapo ndipo kinaanza kupitisha kitu kwenda kwa wakulima wa chini.

Jambo la pili ni kanuni ambayo mafundi wengi wanaijua kwa mikono hata kama hawajaiandika. Tundu lililozama chini ya uso wa maji hutoa maji kwa kipeuo cha pili cha kina: kina kikiongezeka mara mbili, maji yanaongezeka kwa asilimia 41 tu. Kizingiti cha kumwagikia ni kinyume chake; kina kikiongezeka mara mbili juu yake, maji yanakaribia mara tatu. Kwa hiyo mwenye tundu anapata mgao usioyumba, na mwenye kizingiti anabeba kuyumba kote. Banio la zamani liliupa mji bomba lililozama na kinamasi kizingiti. Ukame wote ulikuwa wa kinamasi peke yake, na mchoro ulikuwa umeamua hivyo kabla ya mtu yeyote kugombana.

Mchoro mpya una nafasi tatu, vipimo vyote kutoka ukingo wa chini wa tundu la kwanza:

Tundu la kinamasi: upana sm 20, kimo sm 10, linaanzia sifuri.
Tundu la mji: upana sm 40, kimo sm 10, linaanzia sm 20.
Kizingiti cha mafuriko: upana mita 2, kwenye sm 45, kinamwaga kinamasini.

Kinamasi kinakunywa kwanza, mji unafuata, na ziada ya masika inarudi kinamasini, maana matete bila mafuriko ya mwaka huzeeka na kuachia magugu ya nchi kavu. Hesabu ya matokeo:

Maji yakiwa sm 20: kinamasi lita 21, mji 0.
Sm 30: kinamasi 27, mji 22.
Sm 40: kinamasi 32, mji 42.
Sm 45: kinamasi 34, mji 48.
Sm 55: tundu la kinamasi 38, mji 59, kizingiti 116.

Mstari wa pili ndio Februari. Mstari wa mwisho unazidi kibali cha mji kwa lita 11, kwa hiyo pampu zitazuia zenyewe na kinachozidi kwenye kisima cha pampu lazima kiwe na njia ya kurudi kinamasini. Mstari wa kwanza ndio uliozua maneno mengi kikaoni: chemchemi ikishuka hadi lita 21, mji haupati hata tone. Tumekubaliana kuwa tundu la mji liwe na kibati kidogo cha dharura kwenye sm 10, kilichofungwa kwa bolti, na kisifunguliwe bila barua ya bodi ya maji ya bonde, inayotoa vibali. Bolti mbili na barua moja. Si ufunguo.

Wiki ya 3 hadi ya 5

Ukuta: urefu mita 6, unene sm 20, nondo za milimita 12 kila sm 20 pande zote mbili, zege la 1:2:3. Maji yaligeuzwa kwa viroba vya udongo, mistari miwili yenye nailoni katikati.

Msingi ulichorwa wa sm 60. Kwenye sm 60 kulikuwa na mchanga mweusi wa volkano, mlaini, unaopitisha maji kama chujio. Kumwaga zege juu ya mchanga huo ni kujenga ukuta ambao maji yatapita chini yake, kwanza kidogo, baadaye na mchanga wenyewe, hadi ukuta ukae hewani. Tulichimba hadi udongo wa mfinyanzi kwenye mita 1.1. Saruji iliongezeka kwa mifuko 9. Kwenye ncha zote mbili ukuta umeingia ukingoni mita 1, na udongo umeshindiliwa kwa tabaka za sm 15.

Zege lilimwagiliwa siku 7 chini ya magunia mabichi.

Wiki ya 6

Matundu hayakuachwa kama nafasi za zege tupu. Zege hulika kingo, na kingo ikiwa ya mviringo tundu linatoa maji mengi kuliko hesabu. Kila tundu lina bati la chuma la milimita 6, kingo zimechongwa kwa pembe upande wa chini, limefungwa kwa bolti kwenye fremu iliyomwagiwa zege. Vichwa vya bolti vimechomelewa baada ya kukaza. Sababu ni wanunuzi wa vyuma chakavu; kibati kisichochomelewa hakimalizi mwezi. Kibati cha dharura peke yake ndicho kilichobaki na bolti za kufunguka, na hizo zimefichwa ndani ya kisanduku cha zege.

Kosa la wiki: bati la tundu la mji lilikaa kwenye sm 18 badala ya 20. Usawa ulihamishwa kwa mpira wa maji (bomba laini lililojazwa maji, la kupimia usawa), na ndani ya mpira kulikuwa na povu la hewa karibu na kiungo. Sentimita 2 zinaonekana si kitu. Kwa kina cha sm 30, tundu hilo lingetoa lita 28 hadi 29 badala ya 22. Bati limeng'olewa na kupandishwa. Tangu hapo mpira hujazwa polepole kutoka ndoo iliyo juu, hupigwa vidole urefu wote, na kila usawa hupimwa mara mbili kwa kugeuza ncha. Ncha zikibadilishwa na alama zikatofautiana zaidi ya milimita 3, kuna hewa.

Geji ya kusomea kina imefungwa mita 1.5 kabla ya ukuta, upande maji yanakotoka, si kwenye ukuta wenyewe. Karibu na tundu uso wa maji hushuka na geji ingesoma pungufu.

Wiki ya 7

Jaribio la tundu la kinamasi. Tuliweka bati lenye mkato wa V wa nyuzi 90 kwenye mfereji wa kutokea, na kina cha sm 30 kikashikiliwa kwa kucheza na lango la kusafishia tope. Kwa mkato huo, kina cha sm 10 ni lita 4.4, sm 15 ni lita 12, sm 20 ni lita 24.7, sm 25 ni lita 43. Tulitarajia sm 20.7. Ilisoma sm 19, yaani lita 21.7. Lita 5 zimekwenda wapi?

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa matete kwenye mfereji wa kutokea. Yamefyekwa mita 30. Geji haikusogea.

Mtuhumiwa wa pili alikuwa chekeche ya taka. Ni safi.

Kosa lilikuwa la kipimo. Ncha ya chini ya mkato wa V ilikuwa sm 5 tu chini ya sifuri yetu, na maji yalipopanda sm 19 juu yake yalifika sm 14, juu ya mdomo wa tundu lote. Tundu lilizama pande mbili. Likizama hivyo, kinachosukuma maji si kina cha juu bali tofauti ya pande mbili, na sm 16 za tofauti zinatoa lita 21.7 kamili. Hesabu ilikuwa sahihi. Sisi ndio tuliokuwa tumeziba. Bati limehamishwa mita 50 chini, ambako mfereji umeshuka sm 25, na chini yake kuna anguko. Marudio: sm 20.5, lita 26.3. Tofauti na lita 27 ni chini ya asilimia 3 na tunaikubali.

Hii iandikwe kwa herufi kubwa kwenye kitabu cha matunzo, kwa sababu siku matete yatakapoota tena na kurudisha maji nyuma hadi kwenye tundu, itatokea vilevile, na geji ya juu peke yake haitaonyesha sababu. Dalili ya wazi ni maji ya upande wa chini wa ukuta kufika ukingo wa tundu. Mstari mwekundu umepakwa hapo. Ukilowa, fyeka.

Wiki ya 8 na ya 9: pampu

Pampu iliyokuwapo ni ya lita 48. Banio likitoa lita 22, pampu hiyo inamaliza kisima na kuanza kunyonya hewa. Kisima kina nafasi ya mita za ujazo 4 kati ya boya la kuwasha na la kuzima. Katika hali mbaya pampu ya lita 48 ingewaka kila baada ya dakika tano na nusu, mara 11 kwa saa, na mota ya ukubwa huo haitaki kuvuka mara 6 hivi. Ingeungua kabla ya Krismasi, na lawama ingewekwa kwa kinamasi.

Zimewekwa pampu mbili za lita 24. Kwa pampu moja ya lita 24 na mara 6 kwa saa, nafasi inayotakiwa ni mita za ujazo 3.6, kisima kinatosha bila kupanuliwa. Ya pili huwaka maji yakiwa juu tu. Mabadiliko ya zamu hufanyika kila Jumatatu ili zichakae sawa.

Umeme ukikatika, tundu la mji linaendelea kutoa maji. Bomba la kufurikia la inchi 10 kutoka kisimani lilikuwa limeelekezwa kwenye mtaro wa barabara. Limegeuzwa kurudi kinamasini. Ni mita 35 za bomba, na ndiyo kazi rahisi kuliko zote katika mradi huu kwa faida yake.

Wiki ya 10 hadi ya 13: ndani ya kinamasi

Kuongeza maji kwenye kinamasi chenye mifereji ya kukaushia ni kujaza ndoo iliyotoboka. Iko mifereji mitatu, iliyochimbwa kwa ajili ya mboga na mpunga, kina hadi sm 80. Mteremko ni 1 kwa 200. Tukitaka kila kizuizi kishushe maji sm 20 tu, vizuizi vikae kila mita 40. Vikiwa mbali zaidi, anguko linakuwa kubwa na maji yanachimba chini yake.

Kila kizuizi: safu mbili za nguzo zilizopigiliwa mita 1 ardhini, mfinyanzi katikati, kimeingia ukingoni sm 80 kila upande, na kilele kimepita uso wa kinamasi kwa sm 10. Hizo sm 10 ndizo watu hupenda kupunguza ili kuokoa udongo. Zisipunguzwe. Kizuizi kilicho sawa na ardhi humwaga maji kurudi mferejini. Kilichopita ardhi huyatawanya pembeni kwenye matete, ambako ndiko tunakotaka yaende.

Vitatu vya kwanza vilipitwa pembeni wiki ya 12, baada ya mvua ya kwanza ya vuli. Viliingia ukingoni sm 40 tu. Vimerudiwa.

Visima vidogo vya kupimia vimewekwa 8: bomba la plastiki la inchi 2, urefu mita 2, mikato ya msumeno kwenye nusu ya chini, soksi ya nailoni, mchanga mkubwa kuzunguka, kifuniko. Lengo ni maji yasishuke zaidi ya sm 30 chini ya uso wa ardhi kiangazi. Kusoma kila Ijumaa saa mbili asubuhi, kwa sababu mchana matete yanakunywa na kina hushuka, kisha hupanda tena usiku.

Walima magimbi na mboga walikuwa wakilima hadi ndani ya mkondo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, lakini kuwafukuza kwa bango hakujawahi kurudisha kinamasi popote. Magimbi yanavumilia maji na yamebaki ukingoni, nje ya mita 60. Mboga zimehamia juu, kwenye mfereji wenye zamu. Mlimani zamu za mfongo (mfereji wa asili wa Wachaga) zilikuwapo kabla ya kibali chochote. Watu wa chini hawakuhitaji kufundishwa zamu, walihitaji maji ya kupeana zamu.

Wiki ya 16: mji wenyewe

Mji ukipunguziwa maji lazima uonyeshwe ilipo akiba yake. Eneo moja la mtandao lilifungwa valvu za pembeni likaachiwa bomba moja lenye mita. Saa nane hadi saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala, mita ilisoma lita 9 kwa sekunde. Hayo karibu yote ni mavujo na matenki ya nyumbani yenye maboya mabovu. Valvu za mitaa zilifungwa moja baada ya nyingine huku mita ikisomwa. Mtaa ambao ukifungwa mita inashuka ghafla ndio wa kuchimbua. Viungo sita na bomba moja lililopasuka chini ya kalavati. Usomaji uliofuata: lita 5. Lita 4 zilizookolewa ni mita za ujazo 345 kwa siku, bila kugusa chemchemi.

Kwa watakaotaka kuiga hili upande wa Arusha: kabla ya kupanga nani apate chemchemi ipi, pima floraidi. Miteremko ya Meru ina chemchemi zenye floraidi juu sana ya kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na ile ndogo yenye maji mazuri inaweza kuwa na thamani ya kuchanganyia kuliko wingi wake unavyoonyesha. Hapo matundu yanapangwa upya.

Wiki ya 23 (Januari)

Mji ulipata lita 32 kwa siku nne, kinamasi 17. Geji ilisoma sm 34, kana kwamba maji yameongezeka. Tundu la chini lilikuwa limezibwa nusu kwa kiroba cha mchanga. Ndiyo dalili ya kuangalia: kina kinapanda bila mvua. Kiroba kilitolewa na maji yakarudi sm 30 ndani ya saa moja. Hakuna kesi iliyofunguliwa. Mbele ya tundu zimewekwa nondo za milimita 16 kila sm 12, zimeinama ili taka zipande juu, na kiroba hakipiti.

Majani ya migomba yanapita. Chekeche husafishwa kila asubuhi, dakika kumi.

Wiki ya 28 (mwisho wa Februari)

Geji sm 29. Kinamasi lita 26, mji lita 20. Visima vidogo: sita viko ndani ya sm 30, namba 3 iko sm 34, namba 7 iko sm 52. Namba 3 iko karibu na kizuizi kilichorudiwa na tunaamini mfinyanzi haujakaza. Namba 7 haina mfereji karibu nayo.

Ina kisima kirefu. Mita 180 kutoka hapo kuna kisima cha kuchimba kinachosukuma mchana kutwa kumwagilia nyanya, na hakipo kwenye orodha ya vibali tuliyopewa. Maji ya chemchemi na ya kisima hicho ni ya mwamba mmoja. Ukuta wetu unagawa kinachotoka juu ya ardhi tu. Haujui kinachonyonywa chini. Jaribio lililopangwa, kwa makubaliano na mwenye kisima: kizimwe saa 72, namba 7 isomwe kila saa 2, na geji ya banio kila saa 6. Namba 7 ikipanda na geji ikapanda, kisima kiingizwe kwenye hesabu ya chemchemi, na sm 20 ya tundu la mji ifikiriwe upya. Ikipanda namba 7 peke yake, ni suala la umbali wa kisima, na linaweza kusubiri mvua za masika.

Vifaa: tepu ya mita 3 yenye kengele, tochi mbili, daftari lenye nailoni. Kuanza Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi.